Kituo cha Saba

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya Ngome,
wananibandika namba kifuani: thelathini na nane.
Kadzo wa kidato cha tatu
ndiye aliyeniandikisha, bila kuniuliza.
"Mwalimu, si wewe ndiye mwenye ramani?"

Miaka ishirini na miwili nimefundisha ramani:
kipimio, ufunguo, mistari ya kontua,
vilima nisivyovikanyaga, mito ya kwenye mtihani.
Leo nimepewa ya kwetu, moja kwa elfu nne,
na vidole vinanitetema
kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Kipenga.
Vijana wakaruka kama bisi.
Mimi nikavaa miwani.

Kituo cha kwanza, kona ya ukuta wa matumbawe:
kibendera, nusu cheupe, nusu rangi ya chungwa,
kimefungwa kwenye bomba la mvua.
Nikatoboa kadi. Kitobo kidogo, umbo la nyota.
Nimesahihisha madaftari nisiyoyajua idadi,
sijapata kufurahia alama kama ile.
Cha pili, ngazi za Bandari ya Kale, harufu ya ng'onda.
Cha tatu kimelaliwa na paka, tukabishana.
Cha nne. Cha tano. Kufikia cha sita
magoti yalikuwa yameanza kunena.

Cha saba kiko Kuze.
Hapo ndipo nilipoikunja ramani.

Kuze! Nani wa kunionyesha mimi Kuze,
kitovu changu kimezikwa pale?
Karatasi hii haina hata jina moja,
haimjui Bi Shufaa na mapipa yake ya achari,
haijui mlango upi hukwama masika.
Nikakata kupitia uani kwake,
kama tulivyokata tukitumwa nazi, mbio, ndara mkononi,
nikajigonga na geti.
Chuma. Kufuli. Kibao cha shaba:
WAGENI WAPIGE KENGELE.

Sikupiga.
Nikaikunjua ramani. Pale pale, mstari mnene mweusi.
Mstari mnene haupitiki.
Nimeuchora kwa chaki mara ngapi?

Dirisha la juu likafunguka.
"Mwalimu Barke! Umepotea ndia?"
"Sikupotea. Natafuta kituo."
"Cha polisi? Umeibiwani?"
"Cha saba."
Akanitazama kwa huruma.
"Mji huu, mwanangu, hata cha pili sijakisikia."

Dira nilikuwa nimeiacha kwenye mkoba,
na mkoba kwa muuza madafu.
Basi nikatafuta msikiti, mdogo, usio na mnara,
nikazunguka mpaka nikaliona tumbo la mihirabu
limetokeza nje ya ukuta, limepakwa chokaa,
kama goti chini ya shuka.
Kibla: ndiyo kaskazini ya bibi zetu.
Nikaigeuza ramani mpaka juu yake ikaelekea huko,
na vichochoro vikaanza kukaa,
kimoja baada ya kimoja,
bega kwa bega, kama watu wanaonyoosha safu.

Hatua arobaini. Barazani kwa fundi saa.
Duka limefungwa, na nyuma ya kioo
kila saa inashikilia wakati wake.
Kibendera kilikuwa kikinisubiri
bila kulalamika.

Nilimaliza wa thelathini na tisa kati ya arobaini na wawili.
Nyuma yangu, mmoja alitegua mguu,
wawili waliingia mkahawani, wakaagiza mahamri.
Kadzo alikuwa ameshamaliza zamani, anatafuna kachiri.
Akanipa maji. Hakuuliza kitu,
na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, kipindi cha pili, nikashika chaki.
Nikachora mstari, nikaukoleza
mpaka chaki ikakatika.
"Mstari mnene," nikasema, "haupitiki.
Hata kama ulizaliwa upande wa pili."
Wengine wakaandika yote mawili.
Kule nyuma, karibu na dirisha,
Kadzo akakohoa.